Gofu na Hame: Majengo Yaliyoachwa Katika Njia ya Misafara ya Tabora

Kiswahili kina maneno mawili ya kutaja mahali palipoachwa na watu, na tofauti iliyopo kati ya maneno hayo inafaa kutangulizwa katika kuieleza njia ya zamani ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Tabora na kuishia Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Gofu ni jengo lisilokaliwa tena, ambalo kuta zake bado zimesimama ingawa paa limekwisha. Hame ni mahali ambapo watu walihama, pakabaki ardhi tupu yenye vigae, mawe ya mafiga na pengine miti ya matunda iliyomzidi umri aliyeipanda. Pwani, kuanzia Kilwa Kisiwani hadi Gede, biashara ya zamani imeacha magofu, kwa sababu wajenzi wa huko walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Unyamwezini biashara iliyohusiana na hiyo imeacha mahame zaidi kuliko magofu, na majengo machache yanayoonekana leo ama yalijengwa upya baada ya kubomoka, ama yalijengwa na dola iliyokuja kuikomesha biashara ya misafara. Kwa hiyo, mtu anayeisoma historia ya njia hii kwa kutazama kuta zilizosimama peke yake atawaona watawala na wageni mashuhuri, lakini hatawaona wapagazi, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko wote.

Njia iliyobebwa mabegani

Kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kuweka makazi Unyanyembe, yaani himaya ya Wanyamwezi ambayo ndani yake mji wa Tabora ulikua, Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakisafiri mwendo mrefu kwa miguu kutafuta chumvi ya chemchemi za Uvinza, majembe ya chuma na mifugo, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa imekwisha fika Bahari ya Hindi. Waarabu wa Omani na Unguja, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, walizifuata njia hizo zilizokwisha kukanyagwa, na mnamo mwaka 1852 hivi wakaanzisha makazi ya kudumu mahali palipojulikana kwa jina la Kaze, jina ambalo baadaye lilimezwa na lile la Tabora. Masimulizi ya wenyeji hulihusisha jina la Tabora na matoborwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakauka, chakula ambacho hakiharibiki upesi na ambacho kwa sababu hiyo kilimfaa sana msafiri. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857 baada ya safari ya siku zaidi ya 130 kutoka pwani, wakapokelewa na tajiri wa Kiarabu aliyeitwa Snay bin Amir, na maelezo ya Burton kuhusu miezi waliyokaa hapo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo yanayoeleza jinsi mji huo ulivyokuwa umejengwa.

Mahali penyewe palikuwa na faida ambazo vituo vingine havikuwa nazo. Maji yalipatikana kwa kuchimba visima vifupi, mpunga ulistawi katika mabonde yaliyotuama maji wakati wa masika, na njia zilizotoka hapo ziligawanyika pande tatu: moja ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine magharibi hadi Ujiji na Manyema, na ya tatu kusini kuelekea Ufipa na nchi za shaba za Katanga. Kutoka pande zote hizo zilikuja pembe za ndovu, na kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Nguo iliyotakiwa zaidi ilikuwa merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za bandari ya Salem, hasa baada ya mkataba wa biashara ambao Marekani ilifunga na Sultani wa Omani na Unguja mwaka 1833. Kitambaa hicho kilikuwa sarafu ya njia nzima: kilihesabiwa kwa shuka, yaani mikono minne, na kwa doti, yaani shuka mbili, na kwa kipimo hicho ndivyo posho ya wapagazi na hongo ya watemi zilivyolipwa. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita uliotozwa waziwazi na mtawala wa nchi, na kiasi chake kilijadiliwa kwa siku kadhaa, hasa Ugogo, ambako maji yalikuwa machache na mwenye kisima ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Mizigo yote hiyo ilibebwa na binadamu. Mbung'o waliokuwa katika misitu ya miombo waliwaua punda, farasi na ng'ombe wa kukokota, na gari la magurudumu halikuweza kupita katika njia iliyokuwa nyembamba kiasi cha mtu mmoja kumfuata mwenzake. Mpagazi wa kawaida alibeba frasila mbili, takriban kilo 32, pamoja na mkeka wake, sufuria na silaha; pembe kubwa ilimhitaji mtu mwenye nguvu za pekee, au ilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa wafanyakazi huru waliopatana ujira na wenye misafara, waliogoma walipodhulumiwa, na walioutazama upagazi kuwa kazi ya heshima yenye ujuzi wake. Ukweli huo hauondoi ukweli mwingine, kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa waliofungwa, na kwamba wengi wao hawakufika pwani bali walibakizwa Unyanyembe kulima mashamba na kutumika katika nyumba za Waarabu na za watemi.

Msafara uliongozwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele na bendera, na ambaye ndiye aliyejua umbali uliobaki hadi maji. Jioni wapagazi walipiga kambi, na kambi hiyo ilikuwa jengo la kwanza na la kawaida kuliko yote katika njia hii: ua wa miiba uliozungushwa pande zote, na ndani yake vibanda vya matawi yaliyoinamishwa, kufungwa kwa magome na kuezekwa kwa nyasi. Asubuhi kambi iliachwa ilivyo, na msafara uliokuja nyuma uliingia humo, ukatengeneza palipolegea na kulala. Katika njia ya zaidi ya kilomita 1,000, makazi ya namna hii, yaliyojengwa kwa saa chache na kuachwa kila alfajiri, ndiyo yaliyowahifadhi watu wengi zaidi, na hakuna hata kimoja kati ya vibanda hivyo kilichosalia.

Tembe na gharama ya udongo

Jengo la kudumu la njia hii lilikuwa tembe, nyumba ya pembe nne yenye paa bapa, ambayo ilijulikana Ugogo na Unyamwezini kabla ya Waarabu kufika na ambayo wao waliikuza na kuifanya jumba. Kuta zake nene zilijengwa kwa udongo uliokandwa, aghalabu udongo wa kichuguu kwa sababu ya kunata kwake, au kwa matofali yaliyokaushwa kwa jua. Juu ya kuta zililazwa boriti za miti migumu ya miombo, juu ya boriti fito zilizopangwa kwa kukaribiana, juu ya fito magome na nyasi, na juu ya vyote hivyo tabaka nzito ya udongo iliyopondwa hadi ikashikana. Tembe ya tajiri ilikuwa na baraza mbele, ambapo wageni waliketi na habari za pwani zilisomwa. Nyuma ya baraza palikuwa na sebule ya kupokea watu, kisha ua wa ndani uliozungukwa na vyumba vya familia, ghala za pembe na nguo, jiko na makao ya watumwa. Mlango mkubwa ulichongwa nakshi kwa mtindo wa Unguja, na nje ya ukuta palikuwa na bustani za vitunguu, mapapai, makomamanga na mitende, pamoja na mashamba ya mpunga na hata ya ngano.

Nyumba ya namna hiyo inafaa kwa nchi ya jua kali, kwa kuwa udongo mzito huzuia joto la mchana na kulitoa polepole usiku, lakini ina masharti mawili yasiyoepukika. Sharti la kwanza ni la mvua. Tabora hupata mvua katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na paa bapa la udongo lisipokandikwa upya kabla ya mvua za kwanza hupasuka, likanywa maji, likaongezeka uzito na kuzikunja boriti. Sharti la pili ni la mchwa, ambao hupanda ndani ya kuta bila kuonekana na kuzila boriti mpaka libaki ganda tu. Kwa hiyo tembe ilihitaji watu wa kuihudumia kila mwaka, na watu hao walipatikana kwa sababu misafara ilipita na biashara ililipa gharama yao.

Jinsi tembe ilivyokufa inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mwenye nyumba alipohama au alipofilisika, mlango wa nakshi ndio ulioondoka kwanza, kwa kuwa ulikuwa na thamani popote ulipopelekwa. Baada yake zilitolewa boriti zilizokuwa bado nzima, zikatumika katika nyumba nyingine. Paa likaporomokea ndani na kuijaza sebule udongo, mvua za misimu iliyofuata zikaziyeyusha kuta kuanzia juu, na ndani ya muda usiofikia umri wa mtu mzima jumba lililowapokea wageni wa dunia nzima likawa tuta la pembe nne lililofunikwa na nyasi. Kilichobaki baada ya hapo ni vipande vya vyombo vya udongo, punje za shanga zinazofukuliwa na mvua, na miembe. Mti huo, ulioletwa kutoka pwani, ulienea kandokando ya njia kutokana na misafara, na hadi leo mistari ya miembe mikongwe huko Tabora na Ujiji huonyesha mahali palipokuwa na barabara na nyumba.

Vita, ikulu na boma

Si majengo yote ya njia yaliyokufa polepole. Mwaka 1859 Mnywa Sele alirithi utemi wa Unyanyembe, akataka kuwatoza Waarabu ushuru, na ugomvi uliotokea ukageuka vita iliyodumu hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo aliyeunganisha himaya ndogondogo za magharibi mwa Tabora kwa nguvu za askari walioitwa rugaruga, aliifunga njia ya Ujiji, na mwezi Agosti mwaka huo watu wake waliingia Tabora, wakamwua tajiri Khamis bin Abdullah na kuchoma sehemu kubwa ya makazi. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka mbali upande wa kusini kwa sababu hiyo. Hata hivyo Tabora ilijengwa upya baada ya kila pigo, kwa kuwa biashara ilirudi, na moto peke yake haukutosha kuigeuza kuwa hame.

Makao ya mtemi nayo yalikuwa na desturi yake ya kuachwa. Kwa Kinyamwezi makao hayo huitwa ikulu, neno ambalo Kiswahili sanifu kimelichukua kutajia makao ya Rais, na mara nyingi mtemi mpya alijenga ikulu yake mahali pengine badala ya kukaa katika ile ya marehemu, hivyo kila utawala uliacha hame lake. Mirambo alijenga makao yake makuu Iselamagazi, yakazungushiwa ukuta imara, lakini alipofariki mwezi Desemba 1884 himaya yake ilianza kumeguka, na ukuta ule haukupata mtu wa kuutunza. Katika desturi hiyo kuachwa kwa jengo hakukuwa na maana ya kushindwa. Kulikuwa alama ya kubadilika kwa enzi, na hame la ikulu lilikumbukwa kwa jina la mtemi aliyezikwa hapo.

Hali ilikuwa tofauti kwa Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyetawala kuanzia miaka ya 1870 na ambaye ikulu yake, karibu na Tabora, ilikuwa ngome ya kuta nene za udongo na magogo. Baada ya Wajerumani kupandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, Isike aliendelea kuidhibiti njia na kukataa amri zao, na mashambulizi kadhaa ya mwaka 1892 hayakuiangusha ngome. Mwezi Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, kiliingia ndani, na Isike, akiona hakuna njia ya kutoka, akajilipua katika ghala la baruti. Washindi walijenga boma lao, yaani ngome ya serikali, kwa mawe na chokaa, juu ya kilima kinachoutazama mji. Boma hilo bado limesimama na linatumika, ilhali mahali pa ikulu ya Isike panatambulikana kwa masimulizi zaidi kuliko kwa kuta. Uwiano wa majengo hayo mawili unaonyesha jambo lililotajwa mwanzoni: jengo lililodumu ni la upande uliokuja mwishoni na uliokuwa na uwezo wa kulazimisha watu wachonge mawe.

Reli ilipopita kando

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa urefu wa takriban kilomita 1,250 reli hiyo iliifuata njia ya misafara kwa ujumla bila kuifuata kwa hatua. Wanyamwezi, ambao baba zao walibeba mizigo katika njia ya zamani, walikuwa miongoni mwa vibarua wengi waliochimba tuta na kulaza mataruma, na kwa hiyo sehemu ya kazi iliyoumaliza upagazi ilifanywa na jamii ya wapagazi wenyewe. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora, iliyokuwa ikichukua takriban miezi mitatu au zaidi, ikawa jambo la siku chache.

Kilichoviua vituo vya zamani hakikuwa umbali mkubwa. Mhandisi wa reli alitafuta mteremko mdogo na daraja fupi, wakati kirangozi alitafuta maji na mtemi wa kuelewana naye, na tofauti ya kilomita chache kati ya mahitaji hayo mawili ilitosha kuamua mji upi uishi. Bagamoyo ilikuwa imekwisha poteza makao ya serikali kwa Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ikaikosesha pia mizigo. Mpwapwa, kituo cha kupumzika kabla ya kuingia Ugogo, iliachwa kando kwa kuwa reli ilipita Gulwe. Kilimatinde, ambako Wajerumani walikuwa na boma juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, palipoteza nafasi yake kwa Manyoni, mji uliokua kwenye stesheni. Ujiji, ambayo maji ya ziwa yalikuwa yameanza kuikimbia tangu mto Lukuga ulipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1870 na kulipunguza ziwa, ilishuhudia bandari mpya ikijengwa Kigoma, mji ambao watu huuita hadi leo mwisho wa reli.

Kwihara, makazi ya matajiri yaliyo kilomita chache kusini-magharibi mwa Tabora, yalipatwa na mkasa huo huo ingawa mji wenyewe ulipata stesheni. Humo ndimo Livingstone na Stanley walimokaa kuanzia Februari 1872 baada ya kukutana Ujiji. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki katika tembe waliyokuwa wakikaa hadi tarehe 25 Agosti akisubiri wapagazi aliotumiwa kutoka pwani. Mwezi Oktoba mwaka uliofuata, baada ya Livingstone kufariki, mwili wake, uliobebwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, ulipita hapo hapo. Biashara ilipohamia karibu na stesheni, ambako palijengwa ghala, maduka ya Wahindi na hoteli ya wasafiri, Kwihara hapakuwa na sababu ya kukandika paa tena.

Mkasa huu si wa Afrika peke yake. Nchini Marekani, barabara namba 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi Los Angeles, ilifutwa rasmi mwaka 1985 baada ya barabara kuu mpya kupita kando yake, na miji midogo kama Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, ikabaki na vituo vya mafuta na nyumba za wageni zisizo na mgeni. Chanzo ni kilekile, yaani kituo kinachoishi kwa wapita njia hufa wapita njia wanapohamishwa, lakini masalia yanatofautiana: saruji na chuma vya Glenrio vimebaki kuwa gofu linaloweza kupigwa picha, ilhali udongo wa Kwihara ulirudi ardhini.

Tabora yenyewe ilinusurika kwa kugeuka mji wa reli. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ya Kijerumani iliyokimbia kutoka pwani iliifanya kuwa makao yake, na katika karakana ya reli ikatengeneza mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zilizofikia takriban 16,000, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauingia mji tarehe 19 Septemba mwaka huo. Reli ya kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928 na kuifanya Tabora njiapanda kwa mara ya pili. Barabara kuu ya lami ya miaka ya baadaye, hata hivyo, ilipita kaskazini kupitia Singida, Nzega na Kahama, na malori yaendayo Rwanda na Burundi huupita mji huo kwa mbali, kama reli ilivyozipita Mpwapwa na Kilimatinde.

Mahame ya karne ya 20

Kufa kwa vituo kuliendana na kufa kwa nchi iliyovizunguka. Ugonjwa wa sotoka ulioangamiza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, vita vya kuitwaa nchi na uandikishaji wa wapagazi kwa nguvu katika vita ya 1914 hadi 1918 vilipunguza watu waliofyeka na kulima, na pori likarudi pamoja na mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale, yaani ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliwahamisha watu wa maeneo mengi ya magharibi na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, na vijiji walivyoviacha vikamezwa na miombo. Urambo, nchi ya Mirambo, ilipata hame la namna nyingine: mwaka 1947 ilichaguliwa kuwa moja ya sehemu tatu za mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ikaletewa matrekta na nyumba za wafanyakazi, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya hasara kubwa. Ardhi iliyokuwa imesafishwa ikageuzwa mashamba ya tumbaku, zao ambalo limeitambulisha Urambo tangu hapo. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji, iliyowataka wananchi wote wa mashambani waishi katika vijiji kufikia mwisho wa mwaka 1976, iliongeza mahame mengine, na katika mazungumzo ya wakulima neno hilo mara nyingi humaanisha viwanja hivyo vya familia vilivyoachwa wakati wa kuhamia vijijini.

Kuhifadhi kilichokwisha yeyuka

Tembe inayoonyeshwa leo Kwihara kama makumbusho ya Livingstone ni jengo lililojengwa upya katika miaka ya 1950 baada ya lile la awali kubomoka, na kwa njia hiyo linaeleza ukweli wa tembe zote, kwamba hudumu kwa kujengwa tena. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwa UNESCO, ikaingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Uteuzi huo una busara yake, kwa kuwa mlinzi wa urithi huhitaji mahali penye mipaka na penye kitu cha kuonyesha. Lakini vituo sita katika njia ya zaidi ya kilomita 1,000 vinaacha nje karibu siku zote ambazo mpagazi alizimaliza njiani, na vinawapa wageni wachache waliolala ndani ya kuta nafasi kubwa kuliko maelfu waliolala katika vibanda vya matawi.

Ushahidi wa maelfu hao upo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni lugha. Posho, iliyokuwa kipimo cha nguo au nafaka cha mpagazi, sasa ni malipo ya mtumishi anayehudhuria semina au kwenda safari ya kikazi. Hongo, iliyokuwa ushuru halali wa mtemi, imeshuka hadhi na kuwa rushwa, badiliko ambalo lenyewe linaeleza jinsi dola mpya ilivyouondolea uhalali utawala wa wenye nchi. Na anayewabebea abiria mizigo stesheni bado huitwa mpagazi. Namna ya pili ni ardhi: visima vya zamani, mistari ya miembe, sehemu zenye vigae na shanga, na majina ya mahali yanayokumbuka kambi au mtemi. Vitu hivyo havihitaji kujengwa upya, bali vinahitaji kuandikwa na kuchorwa katika ramani wakati wazee wanaovijua wangali hai, kwa sababu mwembe ukikatwa au kisima kikifukiwa hakuna ukuta wa kuwaambia wajao kwamba hapo palikuwa na kitu. Reli mpya ya kisasa inayojengwa kuelekea Tabora, ambayo sehemu yake ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kazi mwaka 2024, itaamua tena ni vituo vipi viishi na vipi viachwe, na baadhi ya stesheni ndogo za mawe zilizojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita huenda zikapoteza abiria wake. Zikiachwa, zitakuwa magofu ya kwanza ya kweli ambayo njia hii imeyapata katika bara la Unyamwezi, na zitasimama katika nchi ambayo mahame yake ni mengi kuliko yalivyopata kuhesabiwa.